Kahawa kwa Mkono wa Benadetha

Bilele, Bukoba
12 Januari 1969

Dada Bena,

Nilipaswa kuandika mapema, lakini wiki ya kwanza ya mwaka masjala yetu hufurika mafaili, na mimi ndiye karani mgeni kuliko wote. Nilifika salama. Basi lilikwama Kemondo tukashuka kusukuma, viatu vyangu vya ofisini vikajaa tope. Nilivisafisha kwa kijiti cha kiberiti na sidhani kama kuna aliyegundua.

Naomba radhi kwa kuondoka siku mbili tu baada ya Krismasi. Mwambie Mama si kwamba nilichoka nyumbani. Niko kwenye majaribio ya kazi mpaka mwisho wa Mei, na mkuu wetu, Bwana Mushumbusi, ana tabia ya kusimama mlangoni asubuhi akiwa ameshika saa yake mkononi. Tena jino lilikuwa linanisumbua. Ndiyo sababu sikutafuna kahawa uliponiletea. Nimeona niliandike hilo usije ukafikiri jambo jingine.

Nimekuwa nikiwaza uliyoniambia jikoni: kwamba shangazi zake Mujuni watakuja baada ya Pasaka kupokea kahawa kwa mkono wako, na kwamba mabaka sasa yametoka shingoni yamepanda shavuni. Huku mjini kuna krimu za rangi, zile zinazopakwa usoni kabla ya poda ili ngozi yote ionekane moja. Nitakutafutia. Wewe uliacha shule darasa la nne ili mimi niendelee. Kopo moja la krimu haliwezi kunishinda.

Nieleze tu rangi ya ngozi yako pale palipo pazima. Eleza vizuri, maana nitakuwa nalinganisha kwa macho ya kukumbuka.

Mdogo wako,
Ildefons


Ijumbi
20 Januari 1969

Ilde mdogo wangu,

Barua yako imesomwa mara tatu. Nilijisomea mwenyewe, nikamsomea Mama, kisha Mama akataka nirudie pale pa viatu na kijiti cha kiberiti. Amecheka mpaka akaacha ndizi alizokuwa anamenya. Anasema marehemu baba yetu alikuwa hivyo hivyo, alifuta jembe kabla ya kwenda kulima.

Jino limepona?

Unaniuliza rangi yangu kama mtu ambaye sikumbeba mgongoni. Nikueleze vipi, waitu, jamani? Si nyeusi kama chungu, si nyekundu kama udongo wa njia ya kanisani. Leo nimechemsha kahawa ya kutafuna. Nilipoipua nikachukua punje mbili nikaziweka hapa juu ya mkono, upande mzima. Zikapotea. Mama alikuwa karibu, akauliza, "Umeziangusha wapi?" Basi ndizo hizi nimezifunga kwenye karatasi ya daftari. Tafuta rangi ambamo zitapotea.

La shavuni limekaribia jicho. Sista wa zahanati alinichoma sindano ndani ya baka na nje ya baka, kote nikaruka. Akacheka akasema mwenye ukoma asingeruka vile. Ni mbalanga, haiumi wala haiambukizi. Ameniandikia karatasi yenye mhuri, ila ameandika Kiingereza, na hapa Ijumbi Kiingereza chote kilipanda basi kikaja kwako.

Mujuni anajua. Anasema yeye ni seremala, mbao yenye rangi mbili ndiyo anayoipangia mbele ya kabati. Lakini shangazi zake ndio waliomlea, na mkubwa wao, Bibi Felicitas, ameshasikia maneno kisimani. Desturi unaijua. Binti anapiga magoti na kikapu, mgeni anachukua punje anatafuna, mambo yamekwisha. Asipochukua, nayo yamekwisha. Sitaki kumdanganya mtu mpaka uzeeni. Nataka tu pale nitakapopiga magoti waitazame kahawa, wasilitazame shavu. Wakishanizoea nitanawa.

Dada yako,
Benadetha


Bilele, Bukoba
2 Februari 1969

Dada Bena,

Jino halijambo, asante.

Nimezunguka maduka sita. Nilijitayarisha kusema ni kwa ajili ya dada yangu, lakini kila nikifika kaunta nilijikuta nasema ni kwa ajili ya mke wa mkubwa wangu. Sijui kwa nini.

Poda zipo tele: nyeupe, na nyingine nyeupe yenye wekundu kidogo. Krimu za kubadili ngozi iwe nyeupe pia zipo, muuzaji mmoja alinipa kabla sijafungua mdomo. Krimu ya rangi nimeikuta mahali pamoja tu, kwa Mzee Mustapha, karibu na soko. Alinitolea makopo matatu akayapanga mbele yangu. La kwanza rangi ya waridi, la pili rangi ya pembe ya ndovu, la tatu rangi ya mchanga.

Nikamwuliza, "Mzee, hakuna iliyokolea zaidi?"

Akasema, "Mchanga ndiyo iliyokolea, bwana karani."

"Hii ni ya kukolea?"

"Kwa huko zilikotoka, mwenye rangi ya mchanga wanamhesabu kuwa mweusi. Watu wa huku bado hawajatengenezewa uso. Subiri, uhuru una miaka saba tu, hatujafika kwenye vipodozi."

Nilimwonyesha punje zako. Alizishika kwenye kiganja, akazisogeza dirishani, akasema mwenye ngozi hii ana haja gani na kopo. Kisha akaniuzia la mchanga na kunishauri nichanganye na unga wa kakao, mwembamba, niupepete kwa kitambaa cha leso.

Nimefanya hivyo jana na leo baada ya misa. Nimeandika kila kipimo: kijiko kimoja cha kakao, kimoja na nusu, viwili. Kila mara naweka tone juu ya karatasi na punje yako kando yake. Mchanganyiko wa tano, vijiko vitatu na masizi kidogo ya taa, punje imepotea kabisa. Nimeujaza kwenye kopo la dawa ya viatu lililooshwa mara nne. Kondakta wa basi la Muleba atamkabidhi Mwalimu Lwakatare shuleni kwenu. Juu nimeandika "Dawa ya miguu" ili asiulize.

Punje zako nimezihifadhi kwenye kikopo cha pini mezani pangu.

Mdogo wako,
Ildefons


Ijumbi
17 Februari 1969

Ilde,

Dawa ya miguu imefika. Mwalimu Lwakatare amenipa pole ya miguu.

Sasa usilie, nicheke mimi peke yangu. Nimejipaka nikatoka nje. Mama ameniangalia, akaniangalia tena, akasema, "Nani amekupiga na mwiko wa chini ya chungu?" Pale palipokuwa peupe sasa ni peusi kuliko nywele zangu. Nilikuwa na mabaka meupe, mdogo wangu, umeniletea meusi.

Kosa lako nimeligundua nikiwa napepeta. Mtoto wa Ijumbi gani asiyejua kwamba kahawa ya kutafuna ikitoka chunguni ina rangi hii, ikikauka siku tatu inakuwa nyingine, na ikikaa wiki mbili inakuwa kama makaa? Nilikutumia rangi yangu ya Jumatatu. Ilipofika kwako ilikuwa ya mtu mwingine. Mjini mnanunua kahawa ikiwa tayari kwenye kikombe, mmesahau inakotoka.

Nami nina kosa. Nimekaa nikawaza, kwa nini nimtumie mtu punje ndani ya bahasha wakati ngozi yangu anatembea nayo? Tumetoka tumbo moja, mimi na wewe hatukuwahi kutofautiana ila kwa vidole vya miguu. Fungua kifungo cha shati, angalia kifundo cha mkono wako. Changanya mpaka ipotee hapo.

Ila usiitume mapema. Hii ya kwanza imepasuka kama udongo siku ya sita na inanuka maziwa yaliyochacha. Shangazi wanakuja Jumapili ya tarehe 13 Aprili. Ukiituma Ijumaa itafika ikiwa mbichi.

Na jambo jingine, hili nakuomba kwa magoti. Uje siku hiyo. Usome ile karatasi ya Sista mbele yao, kwa Kiingereza kwanza wasikie uzito wake, kisha kwa Kihaya. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Wakimwona karani wa serikali amekaa karibu nami anatafuna kahawa yangu, watatafuna na wao.

Dada yako,
Bena


Bilele, Bukoba
9 Machi 1969

Dada Bena,

Nimepata. Kijiko kimoja na robo cha kakao, bila masizi, na udongo mwekundu kiasi cha ncha ya kisu, umepepetwa mara mbili. Nilijipaka kifundoni, pale saa inapokaa, nikasogea dirishani. Nilitafuta mahali krimu inapoanzia na sikupaona. Nilikaa muda nikiutazama mkono wangu, nikakuona wewe unapura maharage. Nilishangaa kwamba sikuwahi kuliona hilo.

Lakini kuna jambo. Wiki jana limebandikwa tangazo katika korido yetu. Watumishi wote wanakatazwa poda, rangi za midomo, nywele za bandia na krimu za ngozi, kwa kuwa ni mabaki ya ukoloni. Bwana Mushumbusi alituita akalisoma mwenyewe. Msichana wa taipu aliambiwa akanawe bombani mbele yetu. Mimi ndiye niliyepewa kuandika orodha ya vitu vinavyokamatwa: kopo moja, kioo kimoja, jina la mwenyewe. Naandika kwa mwandiko mzuri.

Najua yako si ya kujipamba. Lakini nikianza kueleza itabidi nieleze yote, na neno mabaka likishasikika, hawatasubiri neno mbalanga. Watauliza ni ndugu yangu wa karibu kiasi gani, nalala wapi nikienda nyumbani, nakula chombo gani. Barua ya kuthibitishwa kazini itaandikwa mwezi wa tano.

Kwa hiyo tarehe 13 sitaweza kuja. Jumatatu asubuhi lazima niwepo, na basi la Jumapili jioni haliaminiki. Unisamehe. Lakini kopo litakuja, hilo naahidi. Nitachanganya Alhamisi, nitalipeleka basini Ijumaa tarehe 11 wakati wa chakula cha mchana.

Mdogo wako,
Ildefons


Bilele, Bukoba
14 Aprili 1969

Dada Bena,

Nimesikitika sana. Kopo nililikabidhi kwa kondakta Ijumaa kama tulivyopanga. Leo nimekwenda stendi kuuliza, anasema mizigo ilikuwa mingi na huenda limeanguka njiani. Nimemgombeza.

Tafadhali niandikie mara moja. Jana nilikaa chumbani mchana kutwa nikitazama saa, nikisema sasa wamefika, sasa wameketi, sasa anapiga magoti.

Ildefons


Ijumbi
20 Aprili 1969

Mdogo wangu Ildefons,

Usijisumbue kwa ajili ya kopo. Wageni walikuja, walikuwa wanne, walikula na kunywa. Mambo yalikwenda. Harusi imesogezwa mbele kidogo kwa sababu ya shughuli za upande wao, kwa hiyo huna haja ya kuomba ruhusa kazini. Krimu haihitajiki tena.

Mama anakusalimu. Mvua ni nzuri. Fanya kazi yako vizuri wakuthibitishe.

Dada yako,
Benadetha


Bukoba
27 Juni 1969

Dada Bena,

Nimekuandikia mara mbili mwezi wa tano, hukujibu. Katika moja nilikuambia kwamba nimethibitishwa kazini. Nilidhani umekasirika kwa sababu sikuja.

Leo saa nne asubuhi nimepewa orodha ya kupiga taipu. Ni majina ya wanaohamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Karagwe, wa kutoka Muleba. Nilikuwa napiga haraka bila kusoma, kama tulivyofundishwa, macho kwenye karatasi na vidole vyenyewe vinakwenda. Namba kumi na nane nilikuwa nimeshaimaliza ndipo nikaisoma kwenye mashine.

Benadetha Karugendo. Ijumbi. Miaka 25. Hajaolewa. Anakuja peke yake. Alama za mwilini: mabaka meupe usoni, shingoni na mikononi.

Nimeipiga mimi mwenyewe, Dada. Nimeiandika kwa vidole vyangu kabla sijajua ni wewe.

Hajaolewa kwa nini? Ulisema mambo yalikwenda. Mujuni yuko wapi? Huko ni pori, hata kisima bado hakijachimbwa, nimeona kwenye faili. Niambie kilichotokea. Usinifiche.

Ilde


Ijumbi
4 Julai 1969

Ilde,

Nilikuandikia kwamba mambo yalikwenda. Ni kweli yalikwenda, ila hayakurudi.

Usinikasirikie kwa kuficha. Sote wawili tuliandika barua za kufunika mwezi ule. Ijumaa ile nilikwenda barabarani kusubiri basi, na Jumamosi tena. Kondakta ni mtoto wa mama mkubwa wa Alistidia, jirani yetu. Ameapa hukumpa kitu. Yule hawezi kudanganya, akidanganya husahau alichosema. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama limeanguka njiani. Wewe ulipoandika maneno hayo hayo, nilishukuru kwamba uongo wetu umefanana.

Jumapili nilinawa uso kwa maji matupu. Alistidia alitaka nijipake masizi na samli, nikakataa, nikakumbuka mwiko wa chini ya chungu. Walikuja shangazi watatu na Mujuni. Walikaa vizuri. Bibi Felicitas ni mcheshi, alisimulia habari za ng'ombe wao aliyeingia kanisani, tukacheka sote. Nikaona ah, kumbe ni watu tu.

Kisha nikapiga magoti na kikapu. Kahawa nilikuwa nimeipika vizuri, Ilde, na majani yake yenye harufu, kama ya bibi yetu. Nilimnyooshea yeye kwanza. Aliangalia kikapu. Akaangalia mkono ulioshika kikapu, maana baka la kidole gumba lilikuwa juu. Hakusema neno baya. Aliikunja mikono yake ndani ya kanga, taratibu, kama mtu aliyesikia baridi. Wa pili akafanya vile vile. Wa tatu akasema ameshiba.

Mama aliwaletea karatasi ya Sista. Waliigeuza huku na huku. Bibi Felicitas aliuliza, "Inasema nini?" Hapakuwa na wa kuisoma, hata Mwalimu Lwakatare alikuwa amekwenda kwao likizo. Mama akasema, "Inasema hana ugonjwa." Bibi akasema, "Mama mzaa chema, hata mimi ningesema hivyo juu ya mwanangu."

Nikamgeukia Mujuni. Magoti yalikuwa yanauma lakini sikunyanyuka, nilijisemea moyoni, akichukua yeye moja tu, nitakaa hapo hata mpaka kesho. Alikitazama kikapu, akawatazama shangazi zake, akatia mikono mfukoni.

Simchukii. Niliwahi kuona hilo kabla yake. Krismasi, hapa hapa sebuleni kwetu, nilimnyooshea mtu kikapu hiki hiki, naye akatia mikono mfukoni akasema jino. Asubuhi yake nilimwona nyuma ya nyumba anatafuna muwa.

Sikutaka kuliandika hilo. Nimeliandika kwa kuwa umesema nisifiche.

Nakwenda Karagwe kwa hiari. Aliyekuja kuandikisha watu aliuliza kama naweza kulima na kama nina jembe. Hakuuliza kingine, alama aliziandika bila kukunja uso na akanishika mkono. Huko kila mtu atakuwa mgeni. Watanizoea nikiwa hivi tangu siku ya kwanza, hapatakuwa na siku ya kunawa. Mama atabaki na Alistidia mpaka nijenge.

Lori litapita Bukoba tarehe 17. Nasikia tutahesabiwa mbele ya ofisi yenu. Usiogope. Sitakuaibisha.

Dada yako,
Bena


Bilele, Bukoba
20 Julai 1969

Dada Bena,

Sijui anwani ya huko. Nimeandika jina lako na namba ya kijiji kama ilivyo kwenye faili, na kumpa dereva wa lori la mahindi. Huenda barua hii isifike. Nitaiandika kama vile itafika.

Kwanza kopo. Ijumaa ile nilikuwa nalo kwenye droo. Saa tano Rutashobya, karani mwenzangu, alinishika mkono akauliza kwa nini pindo la mkono wa shati langu lina rangi ya kahawia. Alikuwa anatania tu, alisema, "Karani unajichora ramani?" Watu wakacheka. Bwana Mushumbusi akatoka. Aliivuta droo yangu mwenyewe, akatoa kopo, akalinusa, akauliza ni la nani. Lilikuwa mezani kwangu, ndani ya droo yangu, na rangi yake ilikuwa kwenye mkono wangu. Nilisema, "Sijui, mzee. Nimelikuta." Akaniamini, au aliamua kuniamini. Akanipa kalamu nikaliandika kwenye orodha: kopo moja, mwenyewe hajulikani. Jioni lilichomwa pamoja na mengine nyuma ya ofisi. Nilisimama pale. Lilinuka kakao.

Sasa Alhamisi.

Nilipewa orodha na ubao wa kuandikia, nikasimama kwenye ngazi. Mlikuwa thelathini na mmoja. Nilikuona kabla hamjashuka wote. Ulikuwa umefunga kitambaa nyuma, uso wote uko wazi, na umebeba jembe la baba. Nilisoma namba moja mpaka kumi na saba. Kwenye kumi na nane sauti yangu ikawa ndogo. Bwana Mushumbusi akasema, "Paza sauti karani, hao si marehemu."

Nikasoma jina lako.

Ukasema, "Nipo."

Hukuniangalia. Ulitazama mgongo wa aliyekuwa mbele yako. Rutashobya alikuwa kando yangu na kidau cha wino, akasema kwa sauti kila mtu akasikia, "Karugendo? Huyu mwenye mabaka mnaitwa jina moja. Ni ndugu yako?"

Nilifungua mdomo. Naapa, Dada, niliufungua. Wewe ukanitangulia. Ulicheka kile kicheko chako cha jikoni, ukasema, "Akina Karugendo ni wengi, waitu."

Nikaweka alama ya vema mbele ya jina lako. Nikasoma kumi na tisa.

Lori lilipokuwa limeshapita posta ndipo nilipata sauti. Nikamwambia Rutashobya, "Ni dada yangu. Tumbo moja. Alinibeba mgongoni." Akasema, "Sasa mbona..." na hakumaliza. Akachukua kidau chake akaingia ndani. Hakuna aliyekuja kunifukuza kazi. Bwana Mushumbusi alisikia, akasema tu kwamba orodha itiwe saini nakala tatu. Miezi sita nilikuwa naliogopa jambo hilo, na lilichukua muda mfupi kuliko kunoa penseli.

Nilirudi mezani nikafungua kikopo cha pini. Punje zako mbili zilikuwamo bado, chini kabisa, nyeusi kama makaa, kama ulivyosema. Ulizishika kwa mkono wako na kuzifunga mwenyewe. Nilizileta chumbani kwangu nimezifunga kwenye leso.

Leo baada ya misa nimefunga mlango, nikaketi, nikazinyooshea mkono wa kulia kama inavyotakiwa. Nimezitafuna zote mbili. Zimekuwa ngumu sana na chungu, na ile harufu ya majani ya bibi bado imo ndani.

Jino haliumi, Dada. Halijawahi kuuma.

Mdogo wako,
Ilde